Mwalimu wa Jioni na Karatasi Zake

Sikumpenda. Niseme mapema, asije mtu akadhani nimekaa hapa kumsifu. Mwanamume anafika shuleni kwa baiskeli, anaiegemeza ukutani, analizunguka darasa zima, anachungulia dirisha moja baada ya jingine, ndipo anaingia. Wewe ungempenda? Na darasa lenyewe lilikuwa langu. Asubuhi nilifundisha humo watoto wa darasa la tatu, saa kumi jioni nikamwachia yeye na watu wazima wake, ishirini na wawili kwa jumla, waliotaka kujua kuandika. Pale Kitahana, wilayani Kibondo, waliliita darasa la ngumbaru, na yeye wakamwita Mwalimu wa Jioni. Sikuwahi kumsikia akiitwa vingine.

Mie mtu wa Muheza. Nilipangiwa Kibondo mwaka 2012, nikaja na begi moja, jiko la mafuta ya taa na ulimi wangu. Kwetu mtu akihamia mtaani, hajafungua hata mzigo, tumeshajua shangazi yake kaolewa wapi na mara ngapi. Huyu alikuwa ameishi pale miaka na miaka, na hakuna aliyeweza kunieleza katokea wapi. Wengine walisema Kasulu, wengine Munanila kule mpakani, mmoja akaapa kabisa kwamba alikuwa karani wa kiwanda. Siku moja nikamuuliza mwenyewe, uso kwa uso.

"Madamu," akaniambia, "mimi natoka nyumbani kwangu, pale nyuma ya kisima."

Ati nyuma ya kisima! Nikamwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikarudi ndani nikajiambia, huyu ana jambo, na mie nitalijua tu.

Kuhusu ufundishaji wake siwezi kusema uongo, aliuweza. Hakuanza na a, e, i, o, u kama tulivyofundishwa sisi chuoni. Siku ya kwanza alimwambia kila mtu arudi kesho na karatasi iliyowahi kumwaibisha. Wakaja nazo. Mmoja alileta kadi ya kliniki ya mtoto, mwingine vocha ya mbolea aliyoitia dole gumba bila kujua inasema nini, mwingine barua ya mwanawe iliyokuwa imekaa mfukoni mpaka imekatika kwenye mikunjo. Kila mmoja akajifunza kwa karatasi yake. Yule wa barua alipofika mahali mwanawe alipomsalimia kwa jina, alisimama akatoka nje, akakaa kule mpaka kipindi kikaisha.

Alikuwa mkali. Akikuona unanakili kwa jirani, anakuja polepole mpaka nyuma yako, anakuuliza kwa sauti ya upole, "Huyo ni wewe au ni yeye?" Watu wa miaka sitini wanatetemeka kama watoto wangu wa asubuhi. Chaki zetu hakuzigusa hata mara moja, alikuja na zake katika kopo la ugoro. Meza aliigeuza ikatazama mlango. Mtu yeyote akipita nje, hata mbuzi, yeye aliacha kuandika ubaoni mpaka apite.

Lakini jambo lililoninyima raha lilikuwa karatasi. Wanafunzi wake hawakuwa na madaftari. Aliwagawia karatasi mojamoja, wakaandika, na mwisho wa kipindi akazikusanya zote, akazihesabu, akazihesabu tena, akazifunga kwa uzi wa katani na kuondoka nazo. Hakuna aliyeruhusiwa kurudi nyumbani na hata kipande. Jina lako usiandike. Tarehe usiandike. Sasa niambie wewe, mwalimu gani huyo anayemfundisha mtu kuandika halafu anamnyang'anya alichoandika?

Kijijini kila mtu alikuwa na lake. Walisema anaziuza kwa wazungu. Walisema ni mambo ya dini fulani. Mie nilikuwa na langu, na ndilo nililoliona la maana, kwamba anazipeleka ofisini. Miaka ile maneno ya nani raia na nani si raia yalikuwa kila mahali. Kambi moja upande wa Kasulu ilikuwa imefungwa, watu walikuwa wanarudishwa ng'ambo, Burundi, kwa malori, na kwenye vitongoji majirani walianza kukumbushana bibi ya nani alikuja lini. Na huyu hapa, kila jioni, anabeba maneno ya watu ishirini na wawili.

Alikuja afisa mmoja wa elimu kukagua. Akataka daftari la mahudhurio. Mwalimu wa Jioni akasema hana. Afisa akavimba. "Utathibitishaje kwamba unao wanafunzi?" Basi yule bwana akasimama, akaangalia madawati, akaanza kutaja majina kwa kichwa, safu kwa safu, na kitongoji cha kila mmoja, ishirini na mawili bila kukwama.

"Sawa, lakini yako wapi kwa maandishi?" afisa akauliza.

"Wenyewe wapo, mheshimiwa. Si hao umekaa nao?"

Darasa likacheka. Afisa hakucheka, wala mie niliyekuwa nimesimama mlangoni sikucheka.

Na kwenye mkutano wa kijiji, karatasi ya mahudhurio ilipopitishwa, yeye alichovya kidole kwenye wino akabandika dole gumba. Mwalimu wa kuandika! Vijana walipasuka mbavu. Akajifuta kidole kwenye suruali, akawaambia tu, "Kidole hakielezi habari." Kisha huyohuyo, Jumamosi yake kwenye harusi, nilimwona akicheza mpaka shati limemganda mgongoni, akimwimbia bibi harusi Kiha cha mafumbo, akina mama wakimpigia vigelegele. Kwa muda wa wimbo mmoja nilisahau kabisa kwamba namshuku. Alivyoniona nacheka akanipungia mkono, nikauma mdomo.

Na yeye, mnafikiri aliwaamini watu? Thubutu! Alikuwa anashuku kuliko mie. Alikuwa na mchezo wake wa kupima ndimi. Mmoja anamnong'oneza kwamba anahamia Rungwe Mpya, mwingine kwamba anataka kununua pikipiki, wa tatu kwamba tumbo linamsumbua atapasuliwa. Halafu anatulia, anangoja siku ya gulio asikie ipi imefika sokoni. Iliyofika ilikuwa ya Rungwe Mpya, na hiyo alikuwa amemwambia Yohana peke yake. Yohana alikuwa mwanafunzi wake, mrina asali, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Tangu siku hiyo Mwalimu wa Jioni hakuzungumza jambo la maana Yohana akiwa karibu.

Sasa nimfikie Mama Tadeo, maana bila yeye haya yote yangekuwa kichekesho tu.

Alikuwa mjane wa makamo, watoto watatu, Tadeo akiwa mkubwa. Shamba lake la maharage na mihogo lilipakana na la Yohana, na kila msimu walizozana kuhusu mpaka, wakazozana, wakapatana. Shemeji yake ndiye aliyekuwa balaa. Alikuwa anasema marehemu alimwachia yeye lile shamba, na kwamba mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake hawezi kushindana naye barazani. Ndiyo maana Mama Tadeo alikuja darasani. Alikandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka.

"Madamu," aliniambia siku moja nilipopita kufunga madirisha, "mkono wangu umezoea jembe. Hii ni nyepesi mno, naona kama sijashika kitu."

Jina la kwanza kuandika halikuwa lake, lilikuwa la Tadeo. Kwa mwaka mmoja akawapita wote. Na nilimpenda, hilo naomba lieleweke. Alikuwa akiniletea mihogo mibichi, akinicheka nikishindwa kusonga ugali wa muhogo, ananipokonya mwiko na kusonga mwenyewe.

Mwaka 2013, kipindi cha mvua, Mwalimu wa Jioni aliwapa zoezi. Nililisikia kwa masikio yangu nikiwa ofisini, ukuta wenyewe matofali ya udongo. "Leo andika jambo ambalo hujawahi kumwambia mtu. Mkono haupati nguvu kwa kuandika ng'ombe na kikombe." Ishirini na wawili wanaandika siri zao, na yule bwana anangoja kuzikusanya! Nikasema leo ndiyo leo.

Alipomaliza kuzihesabu, mvua ikaanguka ghafla, ile ya huku milimani isiyopiga hodi. Akatoka mbio kuiondoa baiskeli yake chini ya maporomoko ya bati. Wanafunzi nao wakatawanyika mbio makwao. Bunda la karatasi liko mezani, uzi haujafungwa. Nikaingia, nikachomoa moja ya katikati, nikaitia kwenye khanga yangu, nikatokea mlango wa pili. Nitasema ukweli, nilikuwa na furaha.

Haukupita muda akarudi. Nikiwa barazani kwangu nilimwona amelowa chapachapa, anapapasa chini ya madawati kwa mikono. Kisha akaja kwangu.

"Madamu, hukuona karatasi moja imedondoka?"

"Sijaona, Mwalimu."

"Basi. Ubarikiwe. Funga mlango, baridi."

Niliisoma kwa mwanga wa mwisho wa jioni. Haikuwa na jina. Ilikuwa imetobokatoboka. Iliandikwa hivi: Mama yangu alinivusha mgongoni. Nilikuwa sijaota meno. Akanipa kwa mama mwingine hapa, akarudi kufuata wakubwa zangu, hakuonekana tena. Tadeo na wadogo zake hawajui.

Jamani, nilisoma nini mie? Nilisoma ushahidi dhidi ya Mwalimu wa Jioni. Nilikuwa nimemtaka yeye kwa muda mrefu mno, mpaka jicho langu halikumwona mtu mwingine kwenye ile karatasi. Kwetu Muheza ukisema mama alinivusha, tutakuuliza mto gani, tukakupa chai. Nilikuwa nimekaa Kibondo mwaka mzima na zaidi, nikisikia redio, nikiona malori, na bado niliisoma kama mtu wa Muheza.

Kesho yake nikaipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Nikamwambia, mwone huyu bwana anavyokusanya siri za watu, mmuulize anazipeleka wapi. Mtendaji akaisoma. Akairudia. Hakuniuliza neno moja kuhusu Mwalimu wa Jioni.

"Tadeo," akasema. "Hapa kijijini Tadeo ni mmoja." Akaikunja akaiweka mfukoni. "Ahsante, Madamu. Umefanya vizuri."

Nilitoka pale. Nilitaka kurudi nikamwambie nirudishie. Sikurudi. Nilijiambia pengine atasahau.

Wiki ya pili likaja gari la Uhamiaji, likachukua watu watano kutoka vitongoji mbalimbali. Mama Tadeo alikutwa shambani, hakuruhusiwa hata kunawa mikono. Watu walisema aliuliza kitu kimoja tu, nani ataivua mihogo iliyolowekwa. Alivushwa kupelekwa nchi asiyokuwa na mtu anayemjua, watoto wakabaki kwa shemeji, na shamba likawa la shemeji. Kila alichojifunza kuandika ili kukilinda kilichukuliwa kwa maandishi yake mwenyewe, na aliyeyapeleka ni mimi.

Asubuhi iliyofuata sikwenda shule. Nilikwenda nyuma ya kisima. Nilikuwa nimeamua kusema. "Mwakeye, Madamu," akanisalimia, sauti imekwisha. Alikuwa amechutama jikoni mbele ya mafiga, chungu cha maharage juu, na mkononi ana bunda la karatasi. Anaikunja moja, anaisukuma motoni, anangoja ishike, anachukua nyingine.

"Hizo ndizo za darasani?" nikauliza.

"Ndizo. Kila siku. Maandishi ya kujifunzia kazi yake ni kuivisha maharage." Akakoroga. "Niliwaahidi hakuna itakayobaki. Waliandika kwa sababu niliwaahidi."

Ndiyo hiyo siri yote niliyoitafuta kwa zaidi ya mwaka. Nilikaa kwenye kigoda chake, moshi ukaniingia machoni, na nikashukuru kwa huo moshi, maana nililia akadhani ni moshi. Sikusema.

Jioni ile alifunga mlango wa darasa kwa mara ya kwanza. Mie nilikuwa ofisini nyuma ya ukuta. Akawaambia, "Kuna karatasi moja haikufika jikoni kwangu. Nilizihesabu hapa zikatimia. Kuna mkono wa humu ndani." Akawatazama safu kwa safu. Kisha akasema, "Yohana."

Yohana alilia kama mtoto. Aliapa kwa watoto wake, kwa mizinga yake. Nani angemwamini, mtu mwenye ulimi ule, mwenye ugomvi wa mpaka na yule mama? Haukupita mwezi kijiji kizima kilikuwa kimemtenga. Asali yake haikununuliwa. Alipofiwa na kaka yake, waliokuja kuchimba kaburi walikuwa wanne. Nilikuwa naweza kuyamaliza hayo kwa sentensi moja. Kila siku niliamka nikiwa nayo mdomoni, kila siku nikaimeza na chai. Mwaka 2014 nikaomba uhamisho, nikapata shule Kasulu mjini, na darasa la jioni lilikuwa limeshakufa.

Nilimwona tena katikati ya 2015. Wakati huo mabasi ya wakimbizi wapya kutoka Burundi yalikuwa yanapita Kasulu mfululizo, magodoro juu, watoto madirishani. Nilikuwa kwenye duka la Mpemba mmoja karibu na stendi, mahali nilipopenda kwenda kusikia lafudhi ya pwani, nikasikia mtu nyuma yangu, "Madamu wa Muheza!"

Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, lakini anacheka. Sijawahi kumwona amefurahi kuniona kiasi kile. Alikuja kununua chaki. Siku hizi, akasema, anafundisha watu wazima kambini, na Wakongo wa kule, kwa Kifaransa chao, wanamwita mesye na daftari wanaliita kaye. Akachekea hilo peke yake. Halafu akatazama barabarani, huku na huku, akanivuta pembeni ya magunia.

"Mama Tadeo yuko kambini."

Nikashika gunia.

"Alikaa kule miaka hii miwili akilimia watu. Vurugu zilipoanza akakimbia na wengine. Ameandikishwa mkimbizi kama wao. Kutoka pale hawezi, na watoto hawajui kama yuko hai." Akatia mkono ndani ya shati, akatoa barua iliyokunjwa mara nne. "Ameandika mwenyewe. Yote, mpaka mwisho. Inatakiwa ifike mkononi kwa Tadeo, si kwa shemeji, si kwa mtendaji. Nimekusikia ukimwambia Mpemba wiki ijayo unakwenda Kibondo."

Akaniwekea mkononi.

"Mimi nikionekana pale kwao shemeji atashtuka, na sikuwa na mtu mwingine wa kumpa. Kule kijijini niliwashuku wote, Madamu, nakwambia kweli. Wewe tu sikukushuku."

Karatasi ilikuwa imetoboka mahali pawili patatu, niliisikia kwa kidole. Nikasema, "Mwalimu, Yohana hakuchukua kitu. Niliichukua mimi. Siku ya mvua. Nikampelekea mtendaji."

Aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu anayengoja umalizie utani.

"Nilitaka wakukamate wewe," nikasema. "Nilidhani unapeleka siri za watu ofisini."

"Mimi?"

"Wewe."

Tabasamu likaondoka. Mpemba alikuwa ameacha kupima sukari. Mwalimu wa Jioni alinyoosha mkono, si kwa hasira, akaichukua barua kutoka vidoleni mwangu, akairudisha ndani ya shati.

"Niache niipeleke, Mwalimu. Na Yohana nitamwambia mwenyewe, nitapiga magoti."

"Yohana nitamwambia mimi. Mimi ndiye niliyelitaja jina lake mbele ya darasa." Akaokota pakiti zake za chaki, akaziangalia, akaziweka tena juu ya kaunta. "Wewe una wa kwako wa kumwambia. Kila Jumanne anapanga foleni ya unga kule kambini. Anayo khanga ya njano."

Akatoka. Nilimwona akiuliza basi la Kibondo linaondoka saa ngapi, kisha akapanda, akakaa kiti cha mbele, mkono juu ya kifua. Hakugeuka.

Kutoka hapa Kasulu mpaka kambini ni asubuhi moja kwa gari. Mwanzoni nilijiambia kuingia kunataka kibali. Nikauliza, nikaambiwa mwalimu hapati shida, aende tu na barua ya mkuu wa shule. Barua ya mkuu wa shule ninayo. Jumanne zimepita nyingi sasa, na sijaenda.